Mkunga na Timu ya Mama Wakwe

Hakuna mtu Busia, upande huu wala ule, aliyewahi kumshinda yule Mkunga kwa maneno, na hayo yanasemwa na mtu ambaye ameshinda wengi. Nimewashinda wanunuzi wa pamba. Nimewashinda mafundi wa magari waliotaka kuniambia injini yangu imekufa wakati mimi naisikia inapumua. Lakini kwa Mkunga nilikuwa naondoka kila mara nimekubali jambo lile lile nililokwenda kulikataa.

Alizaliwa wapi na ukoo wake ni upi, sitaandika. Watu wa Kenya wanasema ni wao, watu wa Uganda wanasema ni wao, na wako Wajopadhola wa Tororo wanaoapa kwamba bibi yake alitoka kwao. Yeye akiulizwa alikuwa anajibu, "Mimi ni wa zahanati," halafu anamuuliza aliyeuliza kama anapata choo vizuri wiki hii. Habari za ukoo zinaishia hapo.

Nitaandika niliyoyaona. Mimi sikusoma sana. Niliacha shule darasa la tatu nikaanza na kuku nyuma ya baiskeli, kutoka Lunyo mpaka soko la Busia, jua langu na mvua yangu. Leo nina malori mawili na nyumba yenye sakafu ya saruji, na hakuna mjomba wala padri aliyenishika mkono. Kwa hiyo nikisema mtu fulani alikuwa mtu, msomaji ajue kwamba sigawi sifa ovyo.

Kwake kitu cha kwanza kilikuwa mikono. Sisi tukikutana na mwanamke tunatazama uso, na wengine wetu wanatazama kwingine. Yeye alitazama mikono. Alikuwa anasimama sokoni mbele ya mama anayeuza mihogo, na badala ya kuuliza bei anasema, "Fungua kiganja." Mama anafungua, anadhani ni ugonjwa. Mkunga anakipima kwa macho, anakifinya kidogo karibu na kidole gumba, anakwenda zake. Mihogo hanunui.

Lakini mahali alipochagulia timu yake hasa palikuwa kitandani, pale zahanati. Mama mwenye uchungu hukamata chochote kilicho karibu, na kilichokuwa karibu ni kifundo cha mkono wa Mkunga. Wengine walimshika kama mtu anavyoshika kikombe cha chai. Wengine walimwachia alama za vidole wiki nzima, na hao aliwaweka kichwani. Mtoto akishaanza kutambaa, Mkunga alikuwa anafika nyumbani kwa baiskeli, mpira unaning'inia kwenye usukani ndani ya wavu wa vitunguu, na anasema mbele ya mume:

"Mke wako nusura anivunje mkono."

"Lini?"

"Siku ile wewe ulikuwa nje unakunywa chai. Jumamosi saa kumi aje uwanjani."

"Uwanjani kufanya nini?"

"Kuvunja wengine."

Mpira wenyewe haukuwa netiboli ya shule wala futiboli. Ulikuwa mpira wa mikono, na ulitoka Romania. Wakati wa Uhuru vijana walikuwa wanapandishwa ndege kwenda kusoma nchi za mbali, naye akapelekwa huko kusomea ukunga. Alirudi na cheti, na koti zito ambalo kwa joto letu aliligeuza kuwa godoro la watoto wachanga, na mchezo huu ambao hakuna mtu hapa aliyekuwa ameuona. Watu saba kila upande. Goli dogo. Ukiwa na mpira una hatua tatu, ya nne ni makosa. Na mbele ya kila goli kuna nusu duara, sisi tuliichora kwa majivu, ambamo haruhusiwi kukanyaga mtu ila kipa peke yake.

Kule Romania alikuwa anakaa karibu na kiwanda cha nguo, na wanawake wa kiwanda kile walikuwa na klabu yao. Historia ya klabu ile tulisimuliwa mpaka tukaijua kuliko historia ya machifu wetu. Wamama wakishachoka kukimbia, anawakalisha kwenye majani, anaanza. Klabu iliundwa baada ya vita vikuu na wanawake wafumaji ambao wengi waume zao hawakurudi. Uwanja wa kiwanda ulikuwa wa wanaume wa futiboli, na wanawake wakapewa saa ile ya wanaume kula. Basi wakawa wanacheza na njaa. Mwanzoni walikuwa kumi na mmoja kila upande, uwanja mzima, baridi inawapasua midomo na mpira umekuwa mzito kwa theluji. Baadaye mchezo ukahamia ndani ya jumba, watu wakapunguzwa wakawa saba. Klabu ilipoanza kushinda, wakubwa wakaja. Wakasema klabu ivunjwe, wazuri waende timu ya mji mkuu, waliobaki warudi kwenye mashine. Wafumaji wakakataa.

Walikataaje? Hapo ndipo historia ilikuwa inabadilika. Wiki hii walijifungia kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Wiki inayofuata walizima mashine zote za kiwanda. Safari moja kipa wao alivunjika mkono akadaka kwa ule mwingine. Mwezi uliofuata kilichovunjika kilikuwa bega. Mimi ni mtu wa biashara, hesabu isiponyooka nasema.

"Mkunga, juzi ulisema mkono."

"Wewe ulikuwepo?"

"Sikuwepo. Lakini na wewe hukuwepo. Hayo yalikuwa kabla hujafika kule."

Wamama wakacheka wakapigana mabega. Mkunga hakucheka.

"Mimi nilihadithiwa na kipa mwenyewe," akasema. "Kila akinihadithia alikuwa anaumia mahali pengine. Kazi yangu ni kufikisha."

Ila kuna sehemu moja ambayo haikubadilika hata siku moja, nayo ni sehemu yake mwenyewe. Alikuwa mchezaji wa akiba. Alikaa kwenye benchi msimu mzima, amejifunika blanketi, akaingizwa mara moja, mwishoni, wakati wenzake walikuwa wameshashinda mechi. Aligusa mpira mara mbili na mmoja ukamponyoka. Mtu mwingine angesema alifunga mabao. Mimi, nasema kweli, ningesema nilifunga mabao. Yeye alisimulia lile benchi kama wengine wanavyosimulia harusi.

Sasa niseme habari ya mayai, maana ndiyo yaliyoanza kumtia kwenye midomo ya wazee. Kwetu mwanamke aliyelelewa vizuri hakuwa anakula kuku wala yai. Anamfuga, anamchinjisha, anampika, anapeleka mezani, yeye anakula mboga. Mkunga akaja mazoezini na sufuria ya mayai ya kuchemsha, akaanza kugawa.

"Musawo, mimi sijawahi kula hii," mama mmoja akamwambia. Musawo ndivyo walivyomwita, ni kusema mganga wa hospitali.

"Hata kuzaa ulikuwa hujawahi."

Wakala wakiwa wamejificha nyuma ya stoo ya pamba iliyo kando ya uwanja, migongo imeelekea barabarani, wanatafuna kama watu wanaoiba. Wiki haikuisha, katekista akafika zahanati amevaa kanzu safi.

"Unawafundisha wake za watu kula mayai."

"Kuku nani anamlisha?"

"Mwanamke."

"Anampika nani?"

"Mwanamke."

"Na wewe unafanya nini?"

Katekista akasema amekuja kwa ajili ya mila, si kwa ajili ya hesabu. Jumapili alihubiri juu ya wanawake wasiosikia. Mkunga alikuwa ameketi benchi la mbele kabisa, kama kawaida yake, na alipotoka alimpa mkono akamwambia mahubiri yalikuwa marefu lakini mazuri.

Kwa hiyo watu walidhani ni mtu wa kubomoa kila mila. Haikuwa hivyo. Mila ya ukwe aliishika kuliko sisi. Kwetu mwanaume na mama mkwe wake hawatazamani. Mkikutana njiani mmoja anaingia majanini. Hamli pamoja, hampeani mkono, na ukisikia sauti yake ndani ya duka unasubiri nje mpaka atoke. Nilidhani mtu aliyekaa Ulaya ataicheka. Siku moja nikamuuliza kwa nini mayai amevunja na ukwe hakuvunja. Alikuwa ananyoosha bendeji zilizofuliwa, hata hakuniangalia.

"Ile ya mayai inawanyima wanawake chakula. Hii inawapa wanaume adabu. Niivunje ya nini?"

Mimi ukwe unanihusu kuliko wengine, maana mama mkwe wangu ndiye alikuwa kipa. Nilioa nimechelewa, nilitafuta lori kwanza ndipo nikatafuta mke, kwa hiyo mama mkwe na mimi tunakaribiana umri. Ni mama wa upande wa Kenya, anauza samaki wa kukaushwa, mabega yake ni mapana kama mlango. Wakati anajifungua mtoto wake wa mwisho alimshika Mkunga mpaka Mkunga akaita msaada. Ndivyo alivyopata namba.

Karibu wote walikuwa watu wazima vile, wamama wenye mabinti walioolewa. Vijana wa mjini wakaiita Timu ya Mama Wakwe. Mkunga aliposikia akasema jina ni zuri. "Msichana ukimfundisha leo, kesho anaolewa Jinja. Mama ana shamba lake hapa. Atahamia wapi?"

Walipoanza kucheza na wanawake wa Tororo, wale wa nyumba za kiwanda cha saruji ambao Mkunga huyo huyo alikuwa amewafundisha, akanijia kutaka lori. Nikakataa. Nikamwambia hata kama ningekubali kupoteza mafuta yangu, siwezi kupanda gari moja na mama mkwe.

"Unaendesha ukitazama mbele au nyuma?"

"Mbele."

"Yeye atakaa nyuma. Shida iko wapi?"

Basi tukatengeneza utaratibu. Naleta lori, nashuka, nakwenda kusimama nyuma ya stoo ya pamba. Wamama wanapanda, wanashusha turubai, mmoja anagonga bodi kwa ngumi. Hapo narudi na kuwasha. Tukifika Tororo, nashuka naenda zangu kutazama lile jabali lililosimama juu ya mji kana kwamba sijawahi kuliona, mpaka niitwe. Nimembeba mama mkwe wangu Tororo, Mukuju na mpaka njia ya Busitema, na uso wake siujui kwa karibu hadi leo. Hakuna dereva mwingine Afrika Mashariki mwenye kazi ya namna hiyo.

Na kutazama mechi kulikuwa na kanuni yake. Sisi wakwe tulisimama nyuma ya goli la wapinzani, mbali kabisa na wetu. Mapumziko yakifika, timu zikibadilishana magoli, kundi zima la wanaume linahama, tumeinamisha vichwa, tunazunguka uwanja kwa nje kama ng'ombe wanaopelekwa kuoshwa. Watu wa Tororo walikuja kututazama sisi kuliko mpira.

Tabia zake nyingine nazitaja tu. Aliwakataza wachezaji sukari na yeye alitia vijiko vinne kwenye kikombe. Aliogopa vyura. Mtu ambaye nimemwona akizalisha mapacha ndani ya lori langu kwenye matope ya njia ya Lunyo, akiona chura anapanda kiti. Hakukubali mtoto hata mmoja apewe jina lake. Wazazi walikuja na kuku kumwomba, akawarudisha na kuku wao. "Mpeni jina la mtu aliyepata taabu," alikuwa anasema, akimnyooshea kidole mama kitandani. Hakuwa mpole. Mchezaji akianguka, kwanza anauliza kama mpira umetoka, ndipo anauliza kama mguu umevunjika. Na hakujua kuomba radhi. Sijawahi kulisikia neno samahani kinywani mwake, hata pale aliponigonga na baiskeli.

Uwanja wetu ulikuwa mahali ambapo serikali mbili zinakutana na hakuna hata moja inayofyeka majani. Goli moja lilikuwa Kenya, goli la pili Uganda. Mstari wa kati hakuna aliyeuhesabu kuwa mpaka, ulikuwa wa kuanzishia mpira. Katika wale saba, wanne walikuwa wa Uganda na watatu wa Kenya. Miaka ile ya kwanza ya Uhuru hilo halikuwa neno. Unavuka kununua chumvi, unarudi, askari anakuuliza hali ya watoto.

Halafu mambo yakaanza kukazwa. Akaletwa Afisa wa michezo wa upande wa Uganda, kijana aliyesoma, kwao ni Mukuju, amevaa kofia ya majani yenye utepe. Akamwita Mkunga, na kwa kuwa alitaka lori langu nami nikaitwa.

"Timu hii ni ya nchi gani?" akauliza.

"Ya Busia," Mkunga akajibu.

"Busia ziko mbili, nyabo," akasema, akimwita bibi kwa Kiganda. "Mimi nasimamia moja. Wale watatu wa Kenya watoke. Mimi natafuta wengine watatu hapa hapa, mnakuwa timu ya halali, mnapata jezi."

"Jezi tunazo."

"Nyabo, mimi nakuambia kwa uzuri."

"Na mimi nakujibu kwa uzuri. Hawatoki."

Akasema basi goli la upande wake litang'olewa, maana limewekwa bila kibali. Akanigeukia. "Wewe kesho unaleta lori na kamba." Mimi malori yangu yanaishi kwa kibali, na kibali kinapita mikononi mwa watu kama yule. Nikasema ndiyo, Bwana Afisa.

Kesho yake nikafika na lori. Afisa alikuwa na vibarua wake, wanaume sita wa pale pale mjini, wana majembe na sururu. Na hapo ndipo alipokosea. Msomi kama yule angeweza kuleta vibarua wa Jinja, wa Mbale, wa mahali popote. Alichukua wa Busia kwa sababu wako karibu.

Mkunga alikuwa amesimama pembeni na kipenga chake. Akapuliza mara moja. Kutoka nyuma ya stoo wakatoka wamama, wamevaa kaptula zao za mechi, magoti nje, wakatembea bila haraka mpaka kwenye goli. Mama mkwe wangu akaingia ndani ya nusu duara akasimama katikati. Mmoja akashika mlingoti wa kushoto, mwingine wa kulia, wengine wakajipanga mbele.

Mimi nilikuwa nimeshageuza uso kuelekea Tororo.

"Funga kamba," Afisa akaniambia.

"Bwana Afisa, siwezi. Yule pale katikati ni mama mkwe."

"Shusha basi mtu mwingine afunge."

Turnboi, utingo wangu, alikuwa amelala chini ya lori, uso kwenye majani. Yule wa mlingoti wa kulia ndiye aliyemzaa mke wake. Vibarua nao, mmoja anatazama juu kama anatafuta mvua, mwingine amevua shati amejifunika kichwa. Mwenye sururu aliiacha pale pale akaenda. Busia si kubwa. Ukikusanya wanawake saba wenye mabinti walioolewa, umekusanya nusu ya wanaume wa mji.

Afisa akakasirika. Akaokota ile sururu mwenyewe, akaenda. Hakuwa mtu wa hapa, alijua yuko salama. Akafika kwenye majivu, na yule mama wa mlingoti wa kushoto akasema kwa sauti ya chini, ya heshima kabisa:

"Wa nyumbani wazima, mkwe? Dada yangu hajambo?"

Dada yake ndiye aliyemzaa mke wa Afisa. Walikuwa hawajawahi kusimama uso kwa uso. Afisa alisimama na sururu yake, akavua kofia, akatazama chini muda mrefu. Halafu akarudi kinyumenyume mpaka barabarani, bila kuinua macho, na kule barabarani ndipo akageuka.

Mpaka leo watu wananiuliza kama Mkunga aliwachagua wamama wale tangu mwanzo kwa ajili ya siku kama ile. Nilimuuliza. Akasema alichagua mikono.

Afisa hakusahau. Kazi ya sururu ilipomshinda, akaja na kombe. Mashindano ya wanawake, Tororo, na sharti moja: anacheza mwananchi wa Uganda tu. Tulidhani Mkunga hatakwenda. Akaniambia nilete lori.

"Unao wanne," nikamwambia. "Okota watatu, mshinde, halafu mrudi tuendelee kama zamani."

"Nikiokota watatu, hao wangu watatu nitawaambia nini Jumamosi?"

"Basi msiende."

"Tusipokwenda watasema timu haipo."

Akaenda na wote saba. Watatu wa Kenya waliketi nje ya mstari, wamevaa jezi, na mama mkwe wangu akiwa mmoja wao. Wanne wakaingia uwanjani. Goli likabaki wazi.

"Kipa wenu yuko wapi?" refa akauliza.

"Yule pale. Mmemkataza ninyi."

Refa alikuna shingo, akamwangalia Afisa jukwaani, Afisa akatazama kofia yake. Mpira ukaanza. Sitadanganya, tulifungwa vibaya. Wanawake wa Tororo walikuwa wanarusha tu, hakuna wa kuzuia. Watu wetu wanne walikimbia mpaka wakatapika. Karibu na mapumziko wale wa Tororo wakaanza kuona aibu, wakawa wanarusha nje makusudi, na kapteni wao, Mjopadhola mrefu, akaja kumwambia Mkunga kwamba nao watapunguza watu wabaki wanne.

Mkunga akasimama. "Nani amekuomba huruma? Mimi nilikufundisha kurusha nje? Fungeni. Yule mwenye kofia ahesabu moja moja."

Wakafunga, wengine wanalia wakifunga. Mechi ilipokwisha, kombe lilikabidhiwa haraka haraka kama kitu cha wizi. Katika lori, njia nzima mpaka Busia, wamama waliimba. Mimi mbele nilikuwa na hasira. Nilikuwa nimezoea kushinda.

Baada ya hapo Mkunga akahamishwa. Walisema zahanati ya Mukuju inamhitaji. Pale mpakani wakaweka kizuizi na askari mpya, na wa Kenya wakaanza kuulizwa karatasi. Wamama waliendelea kukutana Jumamosi, wanne huku, watatu kule, wanarushiana mpira juu ya kizuizi mpaka askari akawafukuza. Jumamosi mbili tatu hawakuja kabisa. Nilipoona hivyo nilijua timu inakufa, na Afisa naye alijua, maana ndipo alipokuja nyumbani kwangu kwa upole. Alisema kamati yake ya michezo iko tayari kuwapa wale watatu ruhusa ya wageni, wavuke na kucheza. Anachotaka ni Mkunga asimame mbele ya kamati aombe radhi kwa mambo ya goli na ya kombe. Maneno tu.

Nikaenda Mukuju mwezi huu uliopita. Nilimkuta nyuma ya zahanati, amezeeka ghafla, nyonga moja inamsumbua, ameketi kwenye debe anamenya viazi vitamu. Nikampa salamu za wote, nikamweleza.

"Radhi ya nini?" akauliza.

"Ya chochote. Mkunga, hebu nisikie mara moja. Mimi nimeomba radhi kwa kila afisa tangu niwe na baiskeli. Samahani bwana, nisamehe afande, makosa ni yangu. Sijapungua kitu. Ndiyo iliyonipa malori."

"Wewe unaomba kwa sababu una malori wanayoweza kuyachukua. Mimi wachukue nini? Viazi?"

"Wachukue timu. Timu inakufa."

Hapo aliacha kumenya. Nilidhani nimempata, na kwa mara ya kwanza sikufurahi kushinda. Kisu mkononi, akawa anatazama uwanja wa shule ng'ambo ya barabara, ambako mbuzi walikuwa wanakula.

"Nikisimama pale nikasema nilikosea," akasema, "nitakuwa nimesema wale watatu ni kosa. Wataruhusiwa kucheza wakiwa kosa lililosamehewa. Mama mkwe wako adake mpira akiwa hivyo?"

Akanyoosha kisu kuelekea ule uwanja wa shule.

"Pale uwanja upo," akasema. "Waambie Jumamosi saa kumi."

"Wanne?"

"Nimeanza lini kuwa na wanne?"

"Kizuizini hawatapita, Mkunga. Na lori ni langu. Kibali ni changu."

"Najua ni vyako. Kwa hiyo sikuamuru. Nimekuambia saa tu."

Akarudia viazi vyake. Nikaendesha mpaka Busia nikimtukana njia nzima, kwa sauti, peke yangu.

Jumamosi nikavuka na lori upande wa Kenya kuchukua magunia ya samaki, kama kawaida. Nikaliegesha sokoni, nikashuka, nikaenda kusimama nyuma ya kinu cha unga. Nilikaa pale mpaka nikasikia ngumi kwenye bodi. Nikarudi nikawasha. Wale wanne walikuwa wananingoja upande wa Uganda.

Kwenye kizuizi askari mpya akanyoosha mkono. Akaja dirishani, bunduki begani, akatazama turubai.

"Mzee, umebeba nini?"

Kwa miaka yote jibu langu pale lilikuwa moja: magunia tu afande, samahani kwa usumbufu, na tabasamu. Lilikuwa tayari kwenye ulimi.

"Timu," nikasema.

Akanitazama, akisubiri niongeze. Nikazima injini, nikaweka mikono yangu yote miwili juu ya usukani, na sikuongeza.